Kushika trela kutoka Nairobi: maswali ambayo madereva wapya huuliza mara kwa mara

Kila nikiegesha Mlolongo, kituo cha malori nje kidogo ya Nairobi, hakosi kijana wa kunisogelea. Anazunguka kichwa cha lori mara moja, anagusa tairi kwa kiatu, kisha anauliza: "Mzee, na mimi nataka kushika hii. Naanzia wapi?" Nimejibu swali hilo mara nyingi mno, nikiwa nimesimama juani, na huwa nasahau nusu ya mambo. Haya hapa yote pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu hufia. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi.

Nina leseni ya gari dogo. Naweza kuruka moja kwa moja hadi trela?

Huwezi. Leseni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinapanda kama ngazi: gari dogo ni daraja B, lori jepesi C1, lori la wastani C, na lori lenye trela ni CE. Kila daraja lina umri wake wa chini, na unatakiwa uwe umekaa na leseni ya chini yake kwa muda kabla ya kupanda. Wazee watakwambia "tafuta BCE", jina la leseni ya zamani ambalo halijatutoka mdomoni. Maombi, malipo na kuweka nafasi ya mtihani vyote hufanywa mtandaoni.

Kuna watu watakaojitolea kukutafutia CE wiki ijayo bila mtihani. Mbali na kwamba ni kosa la jinai, hebu jiulize utafanya nini siku ya kwanza ukiambiwa urudishe trela kinyumenyume kwenye ghala la Industrial Area, lango likiwa finyu na watu ishirini wamekutolea macho. Leseni haitakuonyesha upande wa kukata usukani.

Kila kampuni inataka uzoefu. Nitaupata wapi kama hakuna anayeniajiri?

Njia iliyotutoa wengi wetu ni utanboi. Tanboi ndiye anayefunga turubai, anayekaza kamba, anayelinda mzigo usiku, anayeshuka kumwongoza dereva akirudi nyuma. Kazi ni chafu na malipo ni madogo, lakini umekaa kiti cha pili wiki nzima ukimtazama mtu anayejua. Unasikia injini inavyolia gia ikiwa nzito mno. Unaona ni wapi anaanza kupunguza mwendo, na mara nyingi ni mapema sana kuliko ulivyodhani.

Mimi nilikaa tanboi miaka mitatu. Mzee niliyekuwa naye hakunipa usukani hata mara moja katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alinipa yadini tu, gari likiwa tupu. Nilimwona mchoyo. Siku hizi na mimi nafanya vilevile.

Ukipata leseni, anza na lori la kubeba mchanga au saruji za hapa mjini, kisha safari fupi za Nakuru au Emali, ndipo uombe masafa. Meneja wa usafirishaji anapokuhoji hatauliza unapenda kazi kiasi gani. Atakupeleka kwenye gari aone kama utalizunguka kabla ya kupanda. Anayeparamia kiti moja kwa moja huwa amekwisha kujibu.

Ni karatasi gani niwe nazo?

Zako mwenyewe: leseni, kitambulisho, cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi) kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ukivuka mpaka, pasipoti pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Za gari: bima, stika ya ukaguzi, na kama unatoka nje ya nchi, ile bima ya COMESA tunayoiita kadi ya njano. Usichanganye kadi mbili za njano. Moja ni ya mwili wako, nyingine ni ya gari. Za mzigo ni dilivari noti na hati za forodha. Piga picha zote kwa simu. Chai ikimwagika kwenye dilivari noti ukiwa Salgaa, hakuna wa kukuchapishia nyingine.

Watu husema kupanda ndiko kugumu. Kweli?

Kupanda ni polepole tu. Kugumu ni kushuka.

Nitakueleza lililonipata mwezi wa tatu baada ya kupewa gari langu. Tulikuwa tumetoka Eldoret na mahindi, gari limejaa, tunakuja kushuka Sachangwan kuelekea Salgaa. Yule mzee alikuwa nami kiti cha pili, anasafiri kama abiria. Nilifika kileleni na gia ya juu kwa sababu barabara ilikuwa tupu na nilitaka kuonekana mwepesi. Mteremko ukaanza kunivuta. Nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga, nikaachia. Baada ya muda si mrefu nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Sindano ya geji ya hewa ilikuwa inashuka kidogo kila nikigusa pedali. Mzee hakupiga kelele. Alisema neno moja: "Gia." Nikajaribu kushusha gia, ikakataa, inasaga tu, maana mwendo ulishakuwa mkubwa kuliko ile gia. Ndipo alipotupa mkono akavuta breki ya trela, taratibu, akiivuta na kuiachia, hadi tukaingia kwenye ukingo wa barabara tukasimama. Tanboi alikuwa ameruka na kigingi cha kuzuia gurudumu kabla gari halijatulia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanafuka moshi mweupe. Nikachukua mtungi wa maji nikamwage. Mzee akanishika mkono: maji baridi kwenye dramu yenye moto huipasua. Tukakaa pale karibu saa mbili, hakuna anayeongea.

Kilichotokea ni hiki. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Tani 50 zikishuka mlima, joto ni jingi, na dramu ikipata moto hupanuka, inazikimbia laini za breki, yaani vile vipande vinavyoisugua. Unakanyaga lakini hakuna kinachoshika. Na kila unapopampu pedali unatumia hewa ambayo kompresa haiwahi kuirudisha. Hewa ikishuka hadi baa 4 au 5 kengele hulia, na kwa wakati huo umekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo: chagua gia kabla ya mteremko, ukiwa bado juu. Gia ambayo ungeipandia mlima huo ndiyo ya kuushukia, na gari likiwa na mzigo, shusha moja zaidi. Washa breki ya ekzosti iifanye injini ikushikilie. Breki ya mguu ikanyage kwa nguvu kidogo, mwendo upungue, kisha uiachie kabisa ipoe. Usiiwekee mguu kilomita tatu mfululizo.

Na usiweke frii, yaani gari kushuka likiwa nje ya gia. Utaona wengi wakifanya hivyo, watakwambia wanaokoa dizeli. Injini za kisasa, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye gia, hukata dizeli zenyewe. Ukiwa frii ndiyo inayokunywa, ili isizimike. Yaani unahatarisha roho yako na za watu ili uchome mafuta zaidi.

Nikipewa tangi la mafuta je?

Usilipokee mwaka wa kwanza. Mafuta hucheza ndani, gari linakusukuma kwenye kona hata baada ya wewe kutulia. Na likianguka, watu watakuja na madumu. Januari 31, 2009, pale pale Sachangwan, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Likikutokea, kazi yako ya kwanza ni kuwafukuza watu kwa sauti yote uliyo nayo, uzito wa aibu uuweke kando.

Mizani inafanyaje kazi?

Barabara ya Mombasa hadi Malaba ina mizani Mariakani, hapa Mlolongo, Gilgil na Webuye, chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Wanapima uzito wa jumla, na wanapima pia kila kundi la ekseli. Hapo ndipo wapya hunaswa. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, ekseli ya usukani hubeba tani 8, mbili za nyuma za kichwa tani 18, na tatu za trela tani 24. Jumlisha: 50. Ndiyo lori letu la kawaida la ekseli sita. Kikomo cha juu kabisa, cha ekseli saba, ni tani 56.

Sasa unaweza kuwa na tani 48, ukaona umesalimika, lakini wapakiaji wamerundika magunia mbele na ekseli za kichwa zimefika 20. Umezidisha. Utaegeshwa pembeni na kutafuta vijana wa kupanga upya mzigo, na malipo ya vijana hao ni mjadala mrefu kati yako na mwenye gari. Kwa hiyo wakati wa kupakia usiende kunywa chai. Simama pale. Mwambie msimamizi wa ghala kwa adabu, "Boss, hizi tuzirudishe nyuma kidogo." Atanuna. Mwache anune.

Kontena lililofungwa ni kamari zaidi, kwani huoni ndani. Angalia jinsi gari lilivyokaa, na usikilize usukani. Ukiwa mwepesi kupita kawaida, uzito uko nyuma.

Naruhusiwa kuendesha saa ngapi kwa siku?

Sheria ya Trafiki inasema gari la biashara lisiendeshwe na mtu mmoja zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na spidi gavana, kifaa cha kuzuia mwendo kupita kiasi, ni lazima. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Ukiweka mizani, milima na foleni, wastani wa 60 kwa saa ni wa kujisifu. Piga hesabu: Mombasa peke yake inamaliza siku yako nzima. Mwenye gari anayekuambia uende na urudi bila kulala anajua hesabu hiyo vizuri. Ni vile tu yeye hatakuwa kwenye kiti.

Miraa haiondoi usingizi, inauahirisha. Macho yako wazi, akili imelala, unashtuka uko Kibwezi na hukumbuki kupita Makindu. Likikutokea hilo hata mara moja, simama. Usifungue dirisha ukaimba, usinawe uso. Simama, lala dakika ishirini.

Kati ya Mtito Andei na Voi epuka usiku ukiweza. Barabara inakata katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na tembo hana taa za nyuma.

Kuvuka mpaka kukoje?

Ni kungoja. Malaba na Busia siku hizi nchi mbili hukugongea mhuri mahali pamoja, hiyo imesaidia sana, lakini mfumo ukikwama foleni hurudi kilomita kwa kilomita. Waliokuwa barabarani 2020, wakati wa vipimo vya korona, walilala Malaba siku kadhaa ndani ya magari. Beba chakula, maji, unga, na moyo wa kukaa. Ajenti wa forodha ndiye mwenye mzigo wa karatasi; kazi yako ni kumpigia simu kabla hujafika, si baada ya kufika.

Uganda na Tanzania utaendesha kushoto kama nyumbani. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini ni kulia. Ukiingia Rwanda kupitia Gatuna utabadilisha upande palepale, na kosa hutokea si kwenye foleni, hutokea asubuhi ya pili, ukitoka kwenye maegesho na barabara ikiwa tupu. Mwambie tanboi kazi yake ya asubuhi ni kusema "kulia" kwa sauti.

Ile sili ya kielektroniki ni ya nini?

Mzigo unaopita kwenda nchi jirani hufungwa sili ya KRA, mamlaka ya kodi na forodha, inayoonyesha ulipo wakati wote. Ukitoka kwenye njia au mlango ukiguswa, wao hujua na kikosi hukufuata. Usithubutu kuchepuka kwenda kumsalimia mama kijijini na kontena la Kampala mgongoni. Gari likiharibika, mpigie ajenti na ofisi mara moja, kabla hujaanza kufungua boliti yoyote.

Malipo yakoje?

Kwa kawaida kuna mshahara wa mwezi na kuna maileji, yaani posho ya kila safari. Agizo la serikali la mishahara ya chini lina kipengele chake cha dereva wa magari makubwa, na Nairobi iko kwenye kundi la miji yenye viwango vya juu. Uliza kabla ya kusaini: maileji inatumwa kabla ya safari au baada? Nani analipa maegesho, pancha, vijana wa mizani? NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) zinakatwa na kupelekwa, au zinakatwa tu?

Hili la mwisho limeniuma. Nilifanya kazi mahali karibu miaka miwili nikikatwa kila mwezi. Nilipougua na kwenda hospitali, jina langu halikuwa na mchango hata mmoja. Angalia mwenyewe kwenye simu kila baada ya miezi michache. Na ukiumia kazini, kuna sheria ya fidia ya 2007, WIBA. Haijali kama wewe ni wa mkataba au wa kibarua cha mdomo; inajali kama ulikuwa kazini.

Kuhusu dizeli: utakutana na watu kando ya barabara wenye mipira na madumu. Magari mengi yana vifaa vya kupima tangi, na hata yasipokuwa navyo, jina lako litafika ofisini kabla yako. Madereva tunajuana. Wenye magari wanajuana zaidi.

Trafiki akitaka chai?

Gari zima, karatasi zote, mwendo wa halali: hapo una nguvu ya kusema "afande, niandikie kosa." Gari lenye taa mbovu na tairi kipara halina nguvu hiyo. Ndiyo maana nakagua taa kila asubuhi.

Nitakula na kulala wapi?

Lala mahali penye taa, mlinzi na malori mengine, ulipe kidogo. Wezi wa usiku hawataki gari, wanataka betri, tairi ya spea, turubai na dizeli. Egesha na mlango wa kontena ukiwa umegusana na ukuta au na lori la mwenzako.

Chakula: Makindu kuna hekalu la Masingasinga linalolisha msafiri yeyote bure. Vua viatu, funika kichwa, kaa chini, kula dengu na chapati, nenda zako. Nimekula pale nikiwa na pesa na nikiwa sina, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Upande wa pili, ukirudi kutoka Nakuru, nyama ya Kikopey ni tamu, lakini ukishiba mbuzi saa saba mchana usingizi utakukuta Gilgil. Timboroa mama mmoja atakuuzia uji wa moto; chukua, maana kule ni karibu mita 2,800 juu ya bahari, na ukungu wa alfajiri unaufunika hata mwanga wa taa zako mwenyewe.

Na afya?

Mgongo, presha, sukari, na magonjwa ya zinaa. Yote manne ni ya kiti hiki. Shuka kila baada ya saa mbili utembee kuzunguka gari; utakagua tairi hapohapo. Mlolongo na vituo vingine vya malori kuna kliniki za North Star Alliance ndani ya makontena ya buluu, zimewekwa kando ya barabara kwa sababu ya watu kama sisi. Ingia upimwe.

Mwanamke anaweza?

Anaweza, na wapo. Tatizo lao kubwa wanaloniambia ni vyoo.

SGR, ile reli mpya ya kisasa, haitamaliza kazi hii?

Ilianza 2017 na kweli ilichukua makontena mengi ya Mombasa hadi Embakasi, na baadaye Naivasha. Safari zingine zilikufa, wenzetu wa Mombasa waliumia zaidi. Lakini treni haifiki mlangoni kwa mwenye duka la Kisii. Kinachobadilika ni safari gani utapata. Ukianzia Nairobi leo, jiandae zaidi kwa barabara ya magharibi kuliko ya pwani.

Safari ya kwanza nibebe nini?

Blanketi, maana Mlima wa Mai Mahiu alfajiri si Nairobi. Tochi ya kichwani. Pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto, jeki, spana ya magurudumu, glavu. Chaja na simu ya pili ya vibonyezo. Dawa zako. Pesa taslimu kidogo, na shilingi za Uganda kama unavuka. Sufuria ndogo. Daftari la kuandika kilomita na kila shilingi uliyotumia, kwa kuwa ofisi itauliza wiki mbili baadaye.

Na vigingi viwili vya mbao ngumu, vilivyochongwa sawasawa. Usitegemee mawe ya barabarani. Siku unapoyahitaji hayaonekani, au yapo na ni ya mviringo. Mtafute fundi wa mbao Gikomba akukatie, uvitoboe, uvifunge kamba, na uvining'inize upande wa tanboi pale mkono wake unapofika akiruka.